Staji ya dharura na kazi ya kwanza ya uuguzi hapa Goma

Diploma utakayotoka nayo ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, haisemi popote kwamba wewe ni muuguzi wa dharura. Inasema sayansi za uuguzi, basi. Kinachomwonyesha mwajiri kwamba unaweza kusimama mbele ya mtoto mwenye degedege saa nane za usiku ni hati mbili tatu za staji (mafunzo ya vitendo hospitalini) zilizoandikwa vizuri, pamoja na wauguzi wakuu wawili watatu watakaopokea simu na kusema, "Ndiyo, huyo namjua, mkono wake ni mzuri." Kwa hiyo kazi ya dharura hapa Goma huanza kutafutwa ukiwa bado mwanafunzi, siku ile unapochagua pa kufanyia staji. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanafuata jina kubwa la hospitali na hawaulizi mikono yao itafanya nini humo ndani.

Kila hospitali na dharura zake

Mji huu haukosi dharura. Kuna ajali za pikipiki kwenye barabara ya Sake, malaria kali ya watoto, kipindupindu maji safi yanapokosekana, risasi, na akina mama wanaofika wamechelewa. Kuna hata mazuku, ile gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutulia mabondeni upande wa magharibi mwa mji. Mgonjwa wake ni nadra kuja peke yake, kwa sababu anayeshuka kumwokoa wa kwanza huanguka naye. Lakini dharura hizi hazigawanyiki sawasawa kati ya hospitali.

CBCA Ndosho inajulikana kwa majeruhi wa vita, kwa msaada wa CICR, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Ni mahali pa kujifunza kuzuia damu, kufunga vidonda vikubwa na kupanga majeruhi wengi wanaofika kwa mara moja. HEAL Africa ina sifa ya upasuaji wa mifupa. Hospitali ya Mkoa inapokea mchanganyiko: presha, sumu, ajali, kisukari kilichopanda. Charité Maternelle ni mama na mtoto. Virunga na Kyeshero utakuta watoto wengi, na watoto maana yake ni malaria, upungufu wa damu, nimonia na kuhara.

Kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kuweka kateta ya mshipa hata mara ishirini, ushauri wetu ni mmoja: anza na watoto, majeruhi watafuata. Mbele ya majeruhi wa risasi timu iliyozoea inafanya kazi kwa kasi, na mwanafunzi anabaki kushika taa na kukata plasta. Kwenye wodi ya watoto msimu wa malaria, kila asubuhi kuna mishipa ya kutafuta, uzito wa kupima, dozi za kupigia hesabu, damu ya kusimamia. Mkono unajengwa na wingi wa mambo ya kawaida. Atakayeweza kupata mshipa wa mtoto wa miezi minane aliyekauka maji hatashindwa na mtu mzima aliyepigwa risasi ya mguu.

Usidharau pia kituo cha afya cha rufaa cha pembeni mwa mji. Zamu ya usiku huko ina muuguzi mmoja au wawili na wewe. Utapima, utapanga nani aonwe kwanza, utaandika barua ya kuhamisha mgonjwa, utapanda naye gari la wagonjwa. Hati yake haing'ai sana kwenye dosie, yaani faili lako la kuombea kazi, lakini mtihani wa kazi utakapokuja utaona tofauti.

Kabla ya kuandika barua yoyote, tafuta mwanafunzi aliyetoka staji hapo muhula uliopita, umuulize: kwa zamu moja mnakuwa wanafunzi wangapi kwenye chumba cha dharura? Wakizidi watano kwa vitanda vinne, utakuwa mtazamaji. Je, mnaruhusiwa usiku? Dharura ya kweli ni usiku na Jumapili. Glavu zinatoka hospitali au mnanunua? Na nani anasaini daftari la staji, muuguzi aliyekuona ukifanya, au ofisi ambayo haikukuona kamwe? Majibu ya maswali haya yana uzito kuliko jina lililo juu ya lango.

Barua na njia yake

Staji ya masomo inapitia shule. Sekretarieti ya seksheni inatoa barua ya kukupendekeza, nawe unaipeleka hospitali. Kwa hospitali kubwa barua inaandikwa kwa Médecin Directeur (daktari mkurugenzi), nakala kwa DN, yaani mkurugenzi wa uuguzi. Kwa kituo cha afya haitoshi kumwona Infirmier Titulaire, muuguzi mkuu wa kituo. Barua inapitia ofisi kuu ya zone ya afya kwa Médecin Chef de Zone (daktari mkuu wa zone), na mji wa Goma una zone mbili, Goma na Karisimbi, hivyo hakikisha kituo chako kiko chini ya ipi. Watu wamepoteza wiki nzima kwa kupeleka barua kwenye ofisi isiyo yake.

Peleka miezi miwili au mitatu kabla ya tarehe unayotaka. Shule za uuguzi mjini ni nyingi, kuanzia ITM za A2 (shule za sekondari za uuguzi) hadi ISTM na vyuo vikuu, na zote zinatuma wanafunzi kwenye vitanda vilevile kwa majira yaleyale. Fika na nakala mbili: moja inabaki, nyingine inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na inarudi mfukoni mwako. Bila nakala hiyo, ukiambiwa wiki ijayo kwamba barua haionekani, unaanza upya.

Kwenye barua yenyewe andika idara. "Naomba staji hospitalini kwenu" itakupeleka popote penye nafasi, mara nyingi wodi ya magonjwa ya ndani. Andika: "Naomba staji ya wiki nne katika chumba cha dharura, tangu tarehe fulani hadi tarehe fulani, zamu za mchana na za usiku." Kama shule imeandika barua ya jumla, nenda ukamwone DN na uiombe idara kwa mdomo, kwa heshima: "Habari ya asubuhi Mama Chef. Shule imenituma kwenu kwa wiki sita. Ningeomba, kama inawezekana, wiki nne ziwe dharura, hata kama ni usiku." Hilo neno "hata kama ni usiku" linafungua milango, kwa sababu wengi wanaukimbia.

Hospitali nyingi zinatoza ada ya staji. Lipa kwenye dirisha la malipo, pokea risiti, itunze. Ukiombwa pesa koridoni na mtu asiye na kitabu cha risiti, hiyo si ada.

Jambo moja linalosahaulika mpaka limechelewa ni chanjo ya homa ya ini B. Ni dozi tatu, na ratiba ya kawaida ni mwezi 0, mwezi 1 na mwezi 6. Ukingoja wiki moja kabla ya staji utaingia kwenye damu ya watu ukiwa na dozi moja tu mwilini. Anza mwaka wa kwanza.

Ndani ya chumba

Mfukoni: saa yenye mshale wa sekunde (simu haifai, utaishika na glavu chafu), tochi ndogo, mkasi, bendi ya kufungia mkono, kipimajoto, kalamu mbili, na daftari dogo linaloingia mfukoni mwa bluzi. Stetoskopu yako mwenyewe ukiweza. Glavu za akiba siku zote, hata mahali walipokuambia zipo.

Siku ya kwanza usiombe kufanya chochote. Omba kuonyeshwa vitu vilipo: toroli ya dharura, ambu (mfuko wa kusukuma hewa) ya mtu mzima na ya mtoto, aspireta (mashine ya kunyonya makohozi), konsantreta ya oksijeni na swichi yake, glukozi, diazepamu, adrenalini, sanduku la sindano zilizotumika. Kisha zifungue na uziguse. Mgonjwa anapoanguka hakuna atakayekuonyesha. Mwanafunzi anayejua ambu ya mtoto iko droo ya pili kushoto tayari ana faida, na muuguzi mkuu atakumbuka jina lake.

Fuata mpangilio uleule kwa kila mgonjwa, hata yule anayeonekana mzima: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, hali ya ufahamu, kisha kumvua nguo na kumtazama mwili mzima. Herufi ni ABCDE. Kosa la kawaida ni kukimbilia kidonda kinachotisha macho wakati mgonjwa anakoroma kwa ulimi ulioziba koo. Kosa la pili ni kusahau glukozi. Mtoto asiye na fahamu hupimwa sukari palepale, na kama hakuna kipimo anatibiwa kana kwamba imeshuka.

Sasa daftari. Kila utaratibu ulioufanya uandike siku hiyohiyo: tarehe, umri wa mgonjwa (bila jina lake), ulifanya nini, ulisaidia au ulifanya mwenyewe, nani alikuona. Mwisho wa zamu, muuguzi aliyekuona anasaini. Usingoje mwisho wa mwezi, maana wengine watakuwa likizo, wengine watakataa kusaini mambo wasiyoyakumbuka, na watakuwa na haki. Hati ya staji inayosema tu "alifuata staji kwa nidhamu" ni karatasi. Ukiweza, mwombe muuguzi mkuu aongeze mstari unaotaja idara, muda, na kwamba ulishiriki triaji (kupanga nani aonwe kwanza), kuweka kateta, kusimamia damu na kuhamisha wagonjwa. Mpelekee rasimu iliyopigwa chapa tayari. Ana wagonjwa thelathini, hawezi kukutungia.

Ukichomwa na sindano iliyotumika: osha kwa maji na sabuni bila kukamua, mjulishe msimamizi saa hiyohiyo, jina liingie kwenye rejista, damu yako ipimwe VVU. Dawa za kinga zinaanzwa haraka iwezekanavyo, na si baada ya saa 72, kisha zinamezwa siku 28 bila kuruka. Wanafunzi wananyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Hakuna alama ya staji inayostahili ukimya huo. Na sababu moja ya kawaida ya kuchomwa ni kurudishia sindano kofia yake. Usiirudishie. Itupe yote kwenye sanduku.

Baada ya diploma: karatasi kwanza

Dosie iwe tayari kabla tangazo halijatoka, kwa sababu matangazo ya dharura mara nyingi yana siku chache tu. Ndani yake: CV ya kurasa mbili, nakala za diploma au hati ya kufaulu, hati za staji na za kazi, kadi ya mpiga kura, cheti cha afya njema, hati ya mwenendo mwema, kadi ya ONEM (ofisi ya taifa ya ajira), na uthibitisho wa kuandikishwa kwenye Ordre des Infirmiers (baraza la wauguzi), chombo kilichoundwa kwa sheria nambari 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016. Hilo la Ordre wahitimu wanaliahirisha, halafu tangazo linalitaja kama sharti. Changanua kila kitu kiwe PDF moja, jina la faili liwe jina lako na cheo, nawe uiweke kwenye simu na kwenye barua pepe. "Scan0034" haifunguliwi na mtu aliyepokea faili mia tatu.

Kwenye CV weka staji ya dharura juu, na kwa nambari zilizo kwenye daftari lako: wiki ngapi, zamu za usiku ngapi, kateta ngapi ulizoweka mwenyewe. Hapo ndipo zile saini zinarudisha faida. Sehemu ya "hobi" ifute.

Mafunzo mafupi yanasaidia kwa sababu, kama tulivyosema, diploma haitaji dharura. Kozi ya OMS (Shirika la Afya Duniani) na CICR ya huduma za msingi za dharura, iliyotoka 2018, inafundishwa kwa siku tano. Shirika au hospitali ikiiandaa, ingia hata kama ni kwa kusaidia kupanga viti. ETAT, kozi ya triaji na tiba ya dharura, ni kwa watoto. Na miongozo ya tiba ya MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) iko kwenye mtandao bure, kwa Kifaransa, na ina programu ya simu inayofanya kazi bila intaneti. Aliyeisoma sura za mshtuko, degedege, malaria na kuhara amesoma sehemu kubwa ya mtihani.

Kazi zinapita wapi

Kuna njia tatu na hazifanani.

Ya kwanza ni serikali. Ukweli wake unajulikana: unaweza kupangiwa mahali, ukafanya kazi, na ukakaa muda mrefu bila matrikule (namba ya mtumishi wa serikali) wala mshahara wa serikali, ukiishi kwa primu (posho) ya ndani inayotoka kwenye mapato ya hospitali. Mapato yakishuka, primu inashuka. Si sababu ya kukataa, lakini uliza swali hili waziwazi kabla ya kukubali: mwezi uliopita muuguzi wa A1 (mwenye diploma ya chuo) asiye na matrikule alipata kiasi gani hapa, na kwa njia gani, mkononi au kwa simu? Usiulize wastani. Uliza mwezi uliopita.

Ya pili ni kushika zamu za wasiokuwapo. Hospitali za kanisa na za watu binafsi zina wauguzi wanaougua, wanaojifungua, wanaosafiri. Nafasi hizo hazitangazwi. DN anachukua simu na kumwita yule anayemkumbuka, na yule anayemkumbuka ni aliyekuwa kwenye staji ya usiku. Mpelekee ujumbe mfupi mara moja kwa mwezi, siyo kila wiki: "Salamu Mama Chef. Nimemaliza, niko Katindo, ninapatikana kwa zamu yoyote, hata kwa taarifa ya saa mbili." Ukiitwa usikatae mara mbili mfululizo. Jina litashuka chini ya orodha.

Ya tatu ni ONG, mashirika yasiyo ya kiserikali, na hapa watu wanaelewa vibaya jinsi mambo yanavyokwenda. Miradi mingi haiajiri wauguzi wapya kabisa. Inaingia kwenye kituo cha afya au hospitali iliyopo, inaleta dawa na inawalipa primu wauguzi walio pale. Kwa hiyo aliye ndani ya kituo siku mradi unapofika ndiye anayefaidika. Ofisi ya zone inajua ni mshirika gani anaingia wapi. Ukiwa na uhusiano mzuri na msimamizi wa zone utajua kabla ya wengine. Kipindupindu au surua ikipanda, kituo cha matibabu kinafunguliwa ndani ya siku chache na watu wanaajiriwa kwa siku. Hapo dosie iliyo tayari inashinda dosie nzuri.

Matangazo rasmi yapo kwenye mediacongo.net na ReliefWeb, kwenye ofisi ya ONEM, na kwenye valve (mbao za matangazo) za hospitali na za mashirika yenyewe. Pita kwenye valve kwa miguu, kwa sababu mengine hayafiki kwenye simu. Vikundi vya WhatsApp vinasaidia kujua tu. Kabla ya kutuma chochote rudi kwenye tangazo la asili, utazame anwani ya barua pepe, namba ya kumbukumbu ya kuandika kwenye mada, na tarehe ya mwisho. Namba ya kumbukumbu ikikosekana, barua yako haitafunguliwa.

Kuna wanaofikiria kuvuka mpaka hadi Rubavu. Diploma ya Kongo peke yake haikuruhusu kuuguza Rwanda. Wana baraza lao la wauguzi na wakunga, na bila usajili wake hakuna hospitali itakayokuweka mbele ya mgonjwa.

Mtihani

ONG nyingi zinafanya mtihani wa kuandika kabla ya mahojiano, na watu wengi wanaangushwa na hesabu kuliko magonjwa. Mifano hii ni ya aina inayopendwa.

Mtoto wa miaka 3, kilo 12, kipindupindu, amelegea, mapigo hayashikiki vizuri. Ni mpango C, ule wa aliyekauka maji sana: Ringer lactate kwenye mshipa, 100 ml kwa kilo. Aliye na mwaka 1 au zaidi anapewa 30 ml/kg kwa dakika 30, kisha 70 ml/kg kwa saa 2 na nusu. Hapa ni 360 ml, halafu 840 ml. Wanaoanguka wanaandika 1200 ml kwa saa 3 kwa kasi moja, na mtoto huyo angeweza kufa kwenye nusu saa ya kwanza. Wengine wanatumia ratiba ya mtoto chini ya mwaka 1 (saa 1, kisha saa 5). Sasa matone: kwa mrija wa matone 20 kwa ml, 360 × 20 ÷ 30 ni matone 240 kwa dakika. Hakuna jicho linalohesabu hayo. Jibu linalopendeza ni kusema kwamba unaufungua mrija kabisa, unaweka alama kwenye chupa mahali maji yanapopaswa kufika, na hutoki kando ya mtoto.

Mtoto wa kilo 15, malaria kali. Artesunate: chini ya kilo 20 ni 3 mg/kg, kilo 20 na kuendelea ni 2.4 mg/kg. Huyu anahitaji 45 mg. Chupa ya 60 mg inayeyushwa kwa 1 ml ya bikaboneti iliyokuja nayo, unangoja maji yawe angavu, unaongeza 5 ml ya chumvi 0.9% au glukozi 5%, na unapata 10 mg kwa ml, kwa hiyo 4.5 ml kwenye mshipa. Dozi saa 0, saa 12, saa 24, kisha mara moja kwa siku. Wanaokosea wanaongeza maji ya sindano badala ya chumvi au glukozi, au wanaitunza chupa iliyoyeyushwa kwa mgonjwa wa jioni. Inatumika ndani ya saa moja, inayobaki inatupwa.

Sukari imeshuka, mtoto wa kilo 10, na kabatini kuna glukozi 50% tu. Anahitaji 5 ml/kg ya glukozi 10%, yaani 50 ml. Chukua 10 ml ya 50%, ongeza 40 ml ya maji ya sindano. Ukimpa ile 50% yenyewe utaunguza mshipa.

Serumu 500 ml kwa saa 4: 500 × 20 ÷ 240, takriban matone 42 kwa dakika. Klorini: kwa HTH (klorini ya unga) ya 70%, gramu 7 hivi kwa lita ni 0.5% ya vyombo na sakafu, na moja ya kumi yake ni 0.05% ya mikono. Usizigeuze, wasahihishaji wanazitafuta.

Kisha triaji. Jua unafanya mtihani wa nani. Mfumo wa Afrika Kusini, unaotumika kwenye miradi mingi ya MSF, una nyekundu, chungwa, njano na kijani, na buluu ni ya waliokufa. Chombo cha pamoja cha OMS, CICR na MSF kina nyekundu, njano na kijani. Kwa majeruhi wengi wa vita CICR inatumia makundi manne, na la IV ni wale waliojeruhiwa vibaya kiasi kwamba wanapewa dawa ya maumivu na kukaa nao, wakati mikono inaenda kwa kundi la I, wanaohitaji upasuaji mara moja. Swali hilo linawaumiza wahitimu wazuri, wanaandika kwamba aliye na hali mbaya kuliko wote anakuwa wa kwanza. Kukiwa na mgonjwa mmoja, sawa. Wakiwa arobaini na meza ya upasuaji ni moja, hapana.

Kwenye mahojiano watakuuliza ungefanya nini muuguzi mwenzako akiiba dawa, au kiongozi akikuagiza dozi unayojua ni kubwa mno. Wanatafuta mtu anayesema, anayeandika na anayefuata ngazi. Mlalamikaji na mnyamavu wote hawapiti.

Kabla ya kusaini

Soma aina ya mkataba. Kwa sheria ya kazi ya 2002, muda wa majaribio hauzidi mwezi 1 kwa kibarua asiye na ujuzi na miezi 6 kwa wengine. Kwa wanaolipwa kwa siku, aliyetimiza siku 22 ndani ya miezi miwili kisha akaajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Ndiyo maana orodha za vibarua wa siku huwa zinabadilishwa majina kabla ya siku ya 22. Ukikatwa siku ya 20, huenda kazi yako haina kasoro yoyote. Andika siku zako zote ulizofanya, uombe hati ya kazi hata kwa siku 20 hizo, na uiweke kwenye dosie. Uliza pia kuhusu CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), nani analipa matibabu ukiumia kazini, na usafiri wa zamu ya usiku.

Na kuna kuombwa pesa au mwili ili upate kazi. Shirika la kweli halitozi ada ya dosie, ya mtihani wala ya "kusukuma jina". Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 upande wa Beni na Butembo, wanawake waliombwa ngono ili wapate kazi. Ripoti ya tume huru ya tarehe 28 Septemba 2021 ilihesabu watuhumiwa 83, 21 kati yao wakiwa waajiriwa wa OMS. Tangu hapo mashirika mengi yanabandika namba ya malalamiko kwenye tangazo lenyewe na kwenye lango. Inakili siku unayopeleka dosie, ukiwa bado huihitaji. Ukiombwa chochote, hifadhi ujumbe, piga picha ya skrini pamoja na namba na tarehe, na upeleke malalamiko makao makuu ya shirika moja kwa moja, siyo kwa ofisi ya eneo anakofanya kazi huyo aliyekuomba.